Alhamisi Kwenye Chemchemi ya Kasri

Mama alifariki Ijumaa jioni, na Alhamisi iliyofuata nilikuwa nasukuma kiti cha magurudumu kuelekea kwenye chemchemi. Naanza na hilo mtu asije akadhani nilienda kutalii. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, ukitoa miezi ya joto kali, kazi yangu ilikuwa kumpeleka Bibi kwenye bustani ya kasri la zamani, kumweka mbele ya chemchemi, kusimama nyuma yake mpaka atosheke, kisha kumrudisha nyumbani, mtaa wa Al Warqa, kabla ya magharibi. Alhamisi hiyo nilifanya vilevile. Hata soksi nilimvisha zile za kijivu, za Alhamisi.

Bibi ni mama yake madam wangu. Alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai akiwa bi harusi, na sasa ana miaka themanini na ushee na hajapoteza hata neno moja la Kiswahili chake. Binti yake amezaliwa hapa. Yeye ni Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili chake ni cha jikoni: leta, weka, moto, pole. Ndiyo maana walitafuta mfanyakazi wa kuongea na mzee, wakaniokota mimi, Mkenya wa magharibi, karibu na mpaka wa Uganda, niliyejifunza Kiswahili shuleni na kukimalizia sokoni. Siku ya kwanza Bibi alinisikiliza nikijieleza, akainamisha kichwa, akauliza, "Alaa! Hiki Kiswahili, au unapasua kuni?"

Nilikasirika. Mimi hukasirika haraka, sikatai. Nikamjibu, "Kuni zangu zinaivisha chakula, Bibi."

Alicheka mpaka akashika meno yake ya bandia yasidondoke. Tangu hapo tukaelewana. Sharti lake lilikuwa moja tu: shikamoo kila asubuhi. Kwetu hatuna mazoea hayo, tunasalimiana kwa mkono yakaisha. Lakini nikisahau, Bibi hagusi chai. Atakaa nayo mbele yake inapoa, ananitazama.

Ujumbe wa mama niliupata Jumamosi alfajiri, nikikoroga uji wa Bibi. Kaka yangu aliandika maneno mawili: "Mum ametuacha." Niliyasoma, nikaweka simu kando ya jiko, nikaendelea kukoroga. Nilionja kuona kama una madonge. Haukuwa na madonge. Nikaumimina kwenye bakuli, nikampelekea, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Ndipo nikamtafuta madam.

Madam alishika mdomo. Akanikumbatia pale pale jikoni na abaya yake, akasema, "Allah yerhamha, pole, pole sana." Akaniambia nisiguse kazi yoyote. Akanipeleka chumbani kwangu mwenyewe, na baadaye akaniletea wali na nyama, tende, na kahawa kwenye dele, lile birika lao, yeye kwa mikono yake, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akibeba sahani. Kabla ya kufunga mlango aliniinulia vidole vitatu. "Siku tatu," akasema. "Halafu khalas, unarudi pole pole, inshallah."

Nikaelewa. Au niseme nilidhani nimeelewa. Nimepewa siku tatu za kulala kitandani, baada ya hapo khalas, basi, kazi. Kwetu mtu akikwambia hivyo na mamako yuko mochari, amekukatalia kwenda kuzika, amekukatalia kwa adabu na sahani ya wali juu. Siku tatu za nini? Kwetu msiba si chini ya wiki moja, mara nyingi ni mbili. Kamati inaundwa, watu wanakutana kila jioni, walio mbali wanasubiriwa, mwili unaletwa nyumbani unalala usiku mmoja wa mwisho. Halafu kaburini kila mtoto anachota udongo kwa mkono wake, anautupa juu ya jeneza, wa kwanza kuzaliwa akitangulia. Mtoto ambaye hakutupa udongo ataulizwa hilo jambo mpaka azeeke. Na mimi ndiye kifungua mimba. Mkono wa kwanza ulikuwa wangu.

Jumamosi hiyo jioni kaka aliniandikia kwamba kamati imekaa, mazishi ni Jumamosi baada ya wiki mbili, wamesogeza tarehe mbele makusudi ili nipate muda wa kuomba ruhusa.

Nikamwandikia: "Msinisubiri. Hapa nimepewa siku tatu za kukaa chumbani."

Akauliza: "Lakini umeomba?"

Nikamwandikia: "Nimesema msinisubiri."

Akajibu: "Sawa, dada."

Sikuwa nimeomba. Huo ndio ukweli, na sina mtu wa kumsukumia. Nyumba ya kwanza niliyofanyia kazi hapa Dubai, niliomba ruhusa ya kwenda kumzika baba yangu mdogo, na yule madam aliuliza bila hata kuinua macho, "Na watoto atawaogesha nani?" Nikaapa kwamba sitaomba tena kitu cha aina hiyo kwa mtu yeyote. Mama alikuwa akinisema tangu nikiwa mdogo: "Wewe ukipunguziwa ugali unasusa mpaka mboga." Ndivyo nilivyo. Nilisusa mazishi ya mama yangu kabla hayajafika mezani.

Nikazima sauti ya lile kundi la familia kwenye simu. Kila dakika ilikuwa inalia: mishumaa, misalaba, watu nisiowajua wakiniandikia poleni na mistari ya Biblia. Mwishowe simu yote nikaizima sauti, nikaitia kwenye droo chini ya sare zangu. Nikitaka kujua saa nilitazama ya ukutani.

Siku tatu nilikaa na kiyoyozi cha chumbani. Kilikuwa kinadondosha maji kwenye kopo nililoliweka chini yake, na mimi nilikuwa nalisikiliza. Sikulia. Nilijaribu, aki nilijaribu. Nilijifinya, nikajikumbusha mikono yake, nikajikumbusha siku aliponisindikiza na begi nililoazima kwa jirani. Wapi! Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya kung'olewa jino, anagusa shavu na kujiuliza hili ni la nani. Siku ya nne nikavaa sare, nikatoka. Madam akauliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa.

Bibi alikuwa ameambiwa. Alinishika kichwa kwa viganja vyote viwili, akanipa pole, na baada ya hapo alipunguza maneno, jambo ambalo si kawaida yake. Hata Kiswahili changu hakukicheka wiki hiyo.

Basi Alhamisi tukaenda. Dereva alitushusha getini, nikafungua kiti, nikamkalisha, nikamfunika miguu. Lile kasri siku hizi haliishi mtu, limeachwa wazi kwa wageni, na bustani yake ina mitende, mawaridi, na nyasi zilizokatwa ambazo huruhusiwi kuzikanyaga. Chemchemi iko katikati. Ni ya marumaru, mabakuli matatu yamepandana, kubwa chini, dogo juu, na ukingo wa chini umezungushiwa vigae vya kijani na buluu. Baadhi vimepasuka na havibadilishwi, kwa sababu ni vya zamani na uzamani wenyewe ndio watu wanaoufuata. Kuna kibao: usiguse, usikalie. Watu wanapiga picha, wanarudi nyuma mpaka wanakanyagana. Mimi pia nilipiga yangu mwaka wa kwanza nikamtumia mama. Akaionyesha kanisa zima, akawaambia hapo ndipo msichana wake anapochota maji. Sikumrekebisha.

Bibi hana habari na kibao. Yeye ile chemchemi, ambayo anaiita nafura, anaiona kama ya jirani yake. Alikuja Dubai wakati maji yanauzwa kwa debe, yanaletwa na punda, na ukipata debe la maji yasiyo na chumvi unalificha. Siku ya pili ya Idd wanawake wa mjini walialikwa kasrini. Akaingia na nguo yake mpya, akaona maji yanarushwa juu, yanaanguka, yanarushwa tena, na hakuna anayeyanywa. Anasema alitamani kumzaba mtu kofi. Akakaa pale ukingoni, siku hizo kulikuwa hakuna vibao, na hapo ndipo wifi yake alipompa barua iliyotoka Unguja kwa meli. Mama yake alikuwa amefariki. Barua ilikuwa imechukua wiki saba njiani.

"Mama keshaliwa na mchanga," husema kila Alhamisi akifika hapo, "na mie n'navaa nguo ya Idd."

Ndiyo maana huenda. Alhamisi jioni ni siku yake ya kuwasomea wafu, na mama yake humsomea pale, mahali alipompotezea. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisimulia kwa Kiunguja, na siku nyingine ilikuwa inanigusa. Siku hiyo niliisikia nikiwa natazama kigae kimoja kilichokatika pembe. Nilijiuliza kilikatikaje. Nikafikiria labda ni kiti cha magurudumu. Maji yalikuwa yanaruka na kuanguka, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Bibi na mkoba wake begani, sina habari na mtu.

Bibi akainua mikono kuanza kusoma, kisha akageuza shingo.

"Leo n'tamsomea na mamako," akasema. "Mungu ni mmoja, atazipanga dua mwenyewe. Wamemzika wapi, nyumbani ama makaburini?"

"Bado, Bibi."

"Bado nini?"

"Bado hajazikwa."

Mikono yake ikashuka. "Hebu njoo mbele n'kuone."

Nikazunguka, nikasimama mbele yake.

"Kafariki lini mamako?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ilopita? Na leo Alhamisi? Lahaula! Yuko wapi siku zote hizo?"

"Yuko mochari. Mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo."

"Mtu wa watu mmemtia kwenye barafu wiki mbili! Mnangoja nini?"

"Walikuwa wananingoja mimi," nikasema.

Bibi alinitazama.

"Na weye uko hapa unanisukuma mie," akasema.

"Nilipewa siku tatu, Bibi. Madam alisema siku tatu, halafu khalas."

"Siku tatu za tanzia!" Alipiga mkono wa kiti. "Siku tatu za kukaa na msiba wako, usifanye kazi, watu wakuhudumie. Ndo desturi yetu hiyo. Kakuheshimu, mwana we! Kwetu maiti hailali. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri ishapita tushamzika. Barua ilonifika mie hapa, mama alikuwa kaburini siku hiyo hiyo alokufa, wiki saba nyuma. Mwanangu kajua na mamako ndo hivyo hivyo. Ulipomwambia kafa, yeye kasikia kazikwa. Sasa angekupa ruhusa ya kwenda kufanya nini? Kutazama mchanga?"

Nilisimama pale. Kitu fulani kilianza kuniwasha kuanzia kifuani, kama mguu uliokuwa umekufa ganzi ukianza kurudi, na si raha hata kidogo. Wale hawakunikatalia. Hakuna aliyenikatalia. Nilikuwa nimekaa siku tatu na kopo la maji, nimewanunia watu ambao hawakunikosea chochote.

"Nipigie huyo binti," akasema Bibi.

Nikambonyezea simu yake, nikaweka sauti kubwa. Akaanza kwa Kiarabu, haraka, nikashika neno moja moja: mama, Kenya, barafu. Kisha akahamia Kiswahili ili nami nisikie. "Hajazikwa! Nakwambia hajazikwa, wao hawaziki siku hiyo hiyo, wanangoja watoto!"

Madam akasema, "Wallahi sikujua. Mimi nafikiri yeye amezikwa. Kwa nini yeye hakusema?"

Bibi akanigeukia. "Anauliza kwa nini hukusema."

"Na yeye kwa nini hakuuliza?" Yalinitoka kabla sijayafikiria.

"Haya, mabubu wawili mmekutana. Khalas. Yaishe." Akarudi kwenye simu. "Ndege."

Madam akasema kuna ndege ya asubuhi, ananikatia tiketi sasa hivi, nirudi nyumbani nikafunge begi, nikae huko mwezi mzima kama nataka. Akasema pole tena. Nikamwambia asante, madam. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwambia asante nikimaanisha.

Nilifurahi. Sioni haya kulisema, nilifurahi mbele ya chemchemi na mama yangu amekufa. Nilianza kuwaza viatu, maana msimu huo kwetu ni matope mekundu na kaburini utateleza ukivaa viatu vya mjini. Niliwaza nitafika usiku, nitalala karibu na mwili, nitaimba na wale akina mama wa kanisani. Niliutazama mkono wangu wa kulia. Bibi alikuwa anatabasamu kwa fizi na meno yote, machozi yanamtoka.

"Unawahi!" akasema. "Mie sikuwahi, lakini weye unawahi. Waambie wenzio. Wapigie sasa hivi."

Nikatoa simu yangu kwenye mkoba. Nilikuwa nimeibeba siku hiyo kwa sababu tu dereva huwa anatupigia akifika. Kaka alikuwa amenipigia mara nyingi, simu zake zimejipanga kwenye kioo mpaka chini. Sikuzisoma. Nikampigia.

Alipokea, na nyuma yake nikasikia jenereta, sahani, na watu wengi wakiongea kwa pamoja.

"Dada," akasema.

"Nimepata ruhusa!" Nilikuwa napiga kelele, wageni wakageuka. "Nakuja kesho. Natua kesho!"

Nikamsikia akisogea mbali na zile kelele.

"Umesikia? Kesho!"

"Dada, tumemaliza saa hii," akasema. "Watu wanakula."

"Mmemaliza nini?"

"Si ulisema tusikusubiri?" Hakusema kwa ubaya. Sauti yake ilikuwa imekauka, ya mtu aliyeimba na kulia tangu jana. "Kamati ikaona kama huji, hakuna haja mum akae mochari hadi wiki ijayo. Tukaandika kwa group Jumatatu. Nimekupigia tangu siku hiyo. Hata leo asubuhi nimekupigia, nikitaka angalau uskize ibada kwa simu."

"Sawa," nikasema.

"Dada?"

"Udongo," nikasema.

"Mtoto wako amekutupia." Nina binti mmoja, ana miaka tisa, amelelewa na mama tangu nilipokuja huku. "Tulimwambia atangulie kwa nafasi yako. Akachota, akatupa. Halafu akachota tena. Mchungaji akamwambia ni mara moja tu, yeye akasema ya kwanza ilikuwa ya mamake, sasa hii ndiyo yake."

Nikamwambia asante. Nikamwambia ampe maji ya kunawa. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kisha nikakata.

Bibi alikuwa bado ananitazama kwa ule uso wake wa furaha. "Wamefurahi?"

"Wamemzika, Bibi. Leo. Wamemaliza sasa hivi."

Hakuniambia pole. Alinyoosha mkono, akausukuma mkono wangu uliokuwa umeshika simu mpaka nikaishusha. Kisha akapigapiga ukingo wa chemchemi, pale penye vigae, pale palipoandikwa usikalie.

"Kaa."

"Bibi, kuna kibao."

"Kaa hapo, tuone atakayekuja kukuinua."

Miaka yote hiyo nilikuwa sijakaa. Nikakaa. Ukingo ulikuwa umelowa na maji yakapenya kwenye sare yangu mara moja, baridi. Hakuna aliyekuja kuniinua. Ilikuwa ni saa ya kufunga, na fundi wa bustani akafungua kifuniko chake chini ya mawaridi, akazungusha bomba, maji yakapungua, yakabaki kudondoka kutoka bakuli la juu kwenda la kati, kisha nayo yakaacha.

Bibi akainua tena mikono yake. "Haya. Jina la mamako nani?"

Nikafungua mdomo, halikutoka. Maisha yangu yote nimemwita mama, na kijijini watu walimwita kwa jina langu mimi, mama fulani. Tangu Ijumaa hakuna aliyekuwa ameniuliza jina lake, wala mimi sikuwa nimelitamka. Bibi alingoja, viganja viko juu. Nikajaribu tena. La ubatizo lilitoka vizuri. La pili, lile alilopewa na nyanya yake, la kule kwetu, hilo ndilo lililonishinda, nikalia. Nililia kwa sauti, pale kwenye marumaru ya watu, na simu mkononi na sare imelowa.

Bibi hakushusha mikono.

"Sikulisikia vizuri, mwanangu," akasema. "Lirudie."

Nikalirudia.